Firigisi ya Mchimbaji

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mchimbaji wa dhahabu akivuta vumbi la kutosha kifua chake huota firigisi. Si methali hiyo. Firigisi kabisa, kama ya kuku, kipande cha nyama ngumu kinachokaa katikati ya mapafu na kusaga changarawe mpaka ziwe laini kama unga wa sembe. Nilisimuliwa kwamba njia ya Ushirombo kuna mtu alifukiwa na kifusi, walipompasua wakakuta firigisi kubwa kama papai, na ndani yake punje za dhahabu zilizomwezekea mjane bati nyumba nzima. Sikumwona mtu huyo, wala mjane, wala bati. Lakini nilipowasimulia wengine habari hiyo niliongeza kwamba bati zenyewe nilizigusa kwa mkono wangu, na bado zilikuwa za moto.

Sasa nimestaafu. Mlinifanyia sherehe pale juu ya shimo, mkanipa kiti cha kuegemea na maneno matamu kuliko niliyostahili, na mmoja wenu akauliza, huku wengine mkicheka, kwa nini mimi, Profesa wenu, sikuwahi kuwaruhusu muwashe drili kabla ndoo za maji hazijashuka. Nilijibu kwa mzaha, kama kawaida yangu. Jibu lenyewe halina mzaha, ndiyo maana naliandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vilikuwa vifupi, kuviruka hakuhitaji mbio.

Nilifika machimboni nikitokea Ushetu, kwa wakulima wa tumbaku, kijana mwembamba kiasi kwamba suruali ilitangulia kufika, mimi nikafuata baadaye. Nilipelekwa kwenye duara. Duara ndilo shimo letu la kuchimbia, ingawa sijawahi kuona hata moja lililo mviringo. Msimamizi wa huko chini alikuwa Mzee Nkwabi, Msukuma mwenye mabega mapana, jua likimpiga mgongoni basi mbele yake imeshakuwa jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Ushetu."

"Kwenye tumbaku?"

"Ndiyo, mzee."

Akanigonga kifuani kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akasikiliza. "Hiki kimeshakaushwa kwenye bani," akawaambia wenzake. "Kazi yetu imepungua nusu." Watu wakacheka. Bani ni kile kibanda cha moshi tunamokaushia tumbaku, na kweli nilikuwa nimelala humo misimu mingi nikichochea moto.

Siku hiyo alichinjwa kuku. Ndiyo ilikuwa desturi ya duara letu: mgeni lazima ale, lakini hapewi paja wala kidari. Anapewa firigisi, na haioshwi vizuri, kwa makusudi, ili aisikie changarawe kwenye meno. Wote wanakusimamia mpaka umeze.

"Kuku haogopi mchanga," Mzee Nkwabi akaniambia. "Anautafuta mwenyewe. Sasa sikiliza, ng'wanawane." Hivyo ndivyo Wasukuma humwita mtoto wao, na mimi nikajiona nimezaliwa upya. "Ukiwa chini usifunge kitambaa puani. Kitambaa kinadekeza. Firigisi haioti kwa kuku anayelishwa uji."

"Inaota baada ya muda gani, mzee?"

"Ikianza, utakohoa. Ukikohoa, mshukuru Mungu."

Nikameza. Nikaisikia ikishuka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Msinione mjinga bure. Mwili wa Mzee Nkwabi ulikuwa ushahidi unaotembea. Viganja vyake vilikuwa na sugu nene, aliweza kuchukua kaa la moto jikoni, akawasha sigara nalo, akalirudisha mahali pake taratibu huku akiuliza habari za nyumbani. Magoti yake, kwa kutambaa, yalikuwa kama ya ngamia. Akitoka juani alifumba macho kama popo aliyeitwa mchana, lakini gizani alilisoma jiwe kama nyinyi mnavyosoma simu. Alilisoma kwa ulimi. Aliulamba mwamba, akasogeza tochi, akasema mshipa wa dhahabu unaelekea wapi. Hilo si porojo: jiwe likilowa, rangi ya mshipa hujitokeza. Lilowesheni muone. Basi nikawaza kama mtu mwenye akili timamu. Ngozi ikisuguliwa inaota sugu. Goti likitambaa linakuwa gumu. Jicho likikaa gizani linajifunza giza. Kifua kitashindwa nini?

Alinifundisha kupiga moko, ile tindo ndefu ya chuma. Unagonga, unazungusha kidogo, unagonga tena. Ukilazimisha, chuma kinanasa, na siku yako imeishia hapo, pamoja na matusi yake. Alinifundisha matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisituangukie. Matimba yakilia polepole una muda wa kuchukua vifaa vyako. Yakilia halafu yakanyamaza ghafla, acha hata viatu. Mara mbili nimeacha viatu, na mara ya pili havikuwa vyangu.

Duara lile la kwanza lilikuwa na maji. Yalichuruzika ukutani masika na kiangazi, tukachimba miguu ikiwa kwenye tope, nguo zikiwa zimetuganda. Tuliyachukia maji yale kuliko tunavyomchukia nyoka. Kila asubuhi tuliyalaani kabla ya kusalimiana.

Mshipa ulipoisha tukahamia kilimani, kwenye mwamba mkavu kama ulimi wa mwenye homa. Na huko ndiko tulikoletewa kompresa na drili. Shangwe! Kazi ya wiki ilimalizika kabla chai haijapoa. Na vumbi, ndugu zangu, lilikuwa zito hata ungeweza kutundika shati juu yake. Tulipanda juu weupe kama maandazi yaliyosahauliwa kwenye unga, tukachekana kwa meno. Maji sasa yalibebwa na punda kutoka bondeni, na hakuna aliyeona sababu ya kuinywesha drili maji ambayo watu wenyewe waliyagombea.

Alikuja Mha mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi mkubwa. Siku ya kwanza akafunga barakoa, akauliza bomba la maji ya drili liko wapi. Tulicheka mpaka machozi yakatuchora mifereji mashavuni.

"Bibi harusi huyo!" wakapiga kelele. "Bibi harusi, unafunuliwa lini?"

"Mtanikumbuka," akasema.

"Tukukumbuke kwa mahari gani?"

Alivumilia kidogo, akafunga mzigo wake akaondoka. Natumaini yupo, na ana wajukuu wengi wenye kelele.

Haukupita muda mrefu jiwe likaniangukia, likanivunja mguu. Ulipona ukiwa umepinda, na hadi leo nautembelea kwa kuchechemea, ila kuulalamikia niliacha zamani. Nikapelekwa juu kuendesha winchi, ile mashine ya kuvuta ndoo za mawe na watu. Nililia kama mtu aliyefukuzwa kwao. Mzee Nkwabi alinionea huruma ya kweli.

"Pole sana," akasema. "Kifua chako kilikuwa kinaelekea pazuri."

Mtu wa winchi anaona kitu ambacho wa chini hawakioni. Anaona watu wakipanda. Nikaanza kuwaona vijana wa drili wakipumzika kwenye ngazi, wale wale waliokuwa wakishindana mbio. Kulikuwa na Doto, kijana wa vijiji vya Kahama, aliyezoea kuimba akiwa ameishika drili, na sauti yake ilinifikia juu kupitia shimo kama redio iliyoangukia kisimani. Kwanza aliacha kuimba. Kisha akaacha kumaliza sentensi. Anaanza neno, anavuta pumzi, mnasubiri, anakata tamaa na hilo neno. Mkanda wa suruali aliutoboa matundu mapya mpaka ukabaki mkia mrefu. Siku ya kurudi kwao tulimweka nyuma ya bodaboda, tukamfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva kama mama anavyombeba mtoto, kwa sababu kukaa wima kulimshinda. Alinipungia vidole tu. Habari za msiba zilifika kabla hatujarudishiwa kitenge.

Wakafuata wengine, wote wa drili, wote vijana. Na kila mara tulikuwa na maelezo. Huyu firigisi ilichelewa kuota. Yule alioa mapema mno. Yule mwingine ni gongo, na wa mwisho karogwa, si mnamjua shangazi yake. Tukanywa maziwa ya kusafisha koo, tukamchinjia kuku kijana mgeni, tukaendelea.

Katika miaka hiyo hiyo nilijiandikisha masomo ya jioni katika shule ya msingi iliyo karibu na machimbo. Madawati yalikuwa ya darasa la pili, nikikaa magoti yangu yanafika masikioni, nikawa namwona mwalimu katikati yake kama mtu anayechungulia dirishani. Mwalimu Devota alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini nilimwamkia shikamoo mpaka akanikataza. Jioni moja akatufundisha jinsi miili ya watu ilivyolingana na nchi zao. Watu wa jua kali wana ngozi nyeusi inayowakinga. Watu wa baridi kali wengi wao ni wafupi na wanene, joto lisipotee. Kuna watu wa milima mirefu sana, ambako hewa ni nyepesi, na hao wana vifua vipana. Kuna watu wa visiwa vya mbali ambao kazi yao ni kupiga mbizi, bandama zao ni kubwa kuliko za majirani zao. Niliandika mpaka kalamu ikatoa moshi.

Kesho yake, saa ya chai, nilipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Wenzangu," nikasema, "sayansi imethibitisha! Mtu anabadilika kufuata mahali alipo. Mpiga mbizi anaota bandama, mtu wa mlimani anaota kifua. Na sisi je?"

"Firigisi!" wakaitikia kama kanisani.

Tangu siku hiyo nikaitwa Profesa. Mzee Nkwabi alinishika bega, akasema, "Mimi sikusoma, lakini nilijua." Akataka kuongeza jambo, kikohozi kikamkatiza. Alikohoa akiwa ameshika nguzo ya winchi, na alipomaliza aliifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akatabasamu. "Inasaga," akasema.

Tulimpeleka kituo cha afya akapewa dawa za kifua kikuu. Akazimaliza, hakupata nafuu, akaanzishiwa tena. Mwishowe mimi na mkewe, Mama Kashinje, tulimpeleka hospitali kupigwa picha ya kifua. Daktari, kijana mpole aliyechoka, aliinyanyua picha mbele ya dirisha. Ilikuwa imejaa madoa meupe, kama mtu aliyemwaga mchele gizani.

"Mzee, mapafu yako yamejaa makovu," akasema. "Yamekuwa magumu."

Macho ya Mzee Nkwabi yakang'aa. "Umesikia, Profesa? Magumu!"

Daktari akadhani hakueleweka. Akasogea, akapaza sauti. "Mzee wangu, haya hayaponi."

"Nani anataka yapone?" akajibu Mzee Nkwabi.

Mama Kashinje aliichukua picha, akaizungushia kanga, na njia nzima ya kurudi aliishika mapajani kama kitu kinachoweza kumwagika.

Mwisho wake ulikuwa mrefu. Hakuweza kulala chali, wala ubavu, basi tukamwekea meza na blanketi lililokunjwa, akawa anaegemeza kichwa pale usiku na mchana. Mtu aliyewahi kubeba timba peke yake alishindwa kuinua bakuli la uji. Mama Kashinje alimlisha kijiko kimoja, akangoja pumzi, kijiko kingine. Nilikwenda kumsimulia vichekesho, nikaacha nilipoona kucheka kunamuumiza. Viganja vyake vikawa laini. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, sijui kwa nini: zile sugu zilibanduka vipande vipande, akabaki na mikono kama ya karani. Alikufa adhuhuri, ameketi, na mwanzoni tulidhani hatimaye amepata usingizi.

Baada ya matanga, mwenye duara alikuja nyumbani pale akiwa na kofia ngumu ya marehemu na viatu vyake. Alisalimia, akatoa pole, kisha akamgeukia Kashinje, mtoto mkubwa, aliyekuwa fundi baiskeli Ushirombo. Kashinje kwa Wasukuma ni jina la mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu.

"Hata jina lake linajua kushuka shimoni," mwenye duara akasema. "Drili haina mtu. Damu ya Nkwabi haiogopi vumbi."

Kashinje akainuka. Nilimwona anaitaka ile kofia kama mtu anavyotaka kumshika mkono baba yake.

"Hashuki," Mama Kashinje akasema.

"Mama, nisikilize."

"Nimekuzaa kwa shida, miguu mbele, mkunga akakata tamaa. Hushuki."

"Mama, baba alidumu huko maisha yake yote. Kifua ni cha kurithi. Doto na wenzake hawakuwa na wazazi wachimbaji, ndiyo maana. Muulize Profesa, yeye kasoma."

Wote wakanigeukia. Nami nikakohoa kidogo, kama wasomi wanavyofanya, nikawasomea somo langu lote: jua, baridi, milima, bandama. Nilimaliza kwa kusema kwamba kwa elimu niliyonayo, mtoto wa mchimbaji ana nafuu.

Mama Kashinje alinitazama. Hakuwa na hasira. "Huyo aliyekufundisha yupo?"

"Yupo, Mama Kashinje."

"Basi niletee huyo. Kofia isiguswe mpaka afike."

Nikapanda baiskeli ya Kashinje nikaenda mbio, mguu wangu mbovu ukizunguka kwa ubishi, nikiwa na furaha ya mtu anayekwenda kuleta shahidi wake mwenyewe. Njiani tukirudi nilimweleza Mwalimu Devota kila kitu. Hakujibu, nikadhani anapanga maneno. Alipofika aliwapa pole wafiwa, akakaa mkekani na kina mama, akaniomba nirudie lile somo. Nikalirudia bila kukosea.

"Umekariri vizuri," akasema. "Sasa niambie, wale watu wa milimani walikipataje kile kifua?"

"Walizoea, Mwalimu."

"Nani alizoea?"

"Mababu zao."

"Hapana. Mababu zao walipofika kule juu, wengi walikosa pumzi. Wengine walikufa, wajawazito wakapoteza mimba. Wachache waliokuwa wamezaliwa na kifua kinachofaa, kwa bahati tu, ndio waliolea watoto, na wale watoto nao wakachujwa hivyo hivyo, vizazi na vizazi. Hakuna mtu hata mmoja aliyeota kifua kipya kwa kukaa. Waliondoka wasiofaa. Kitabu kilikuonyesha waliobaki, makaburi hakikuyachora. Na hewa nyepesi bado ni hewa. Vumbi la mwamba si hewa, hakuna kizazi cha kulizoea."

"Lakini sugu, Mwalimu. Mkono wa marehemu ulikuwa..."

"Ngozi ikifa inaota nyingine. Pafu likipata kovu, ni kovu."

"Baba alidumu," Kashinje akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Alidumu kuliko wote."

Mwalimu akanigeukia. "Mwanzoni mlichimba kwa kutumia nini?"

"Kwa moko."

"Vumbi lilikuwaje?"

"Huko hakukuwa na vumbi," nikasema. "Duara lile lilikuwa tope tupu, maji yanachuruzika..." Maji yale tuliyoyalaani ndiyo yaliyokuwa yakililaza vumbi. Nilimwona Doto amefungwa kwenye bodaboda, nikawaona wengine wote niliowavuta kwa winchi yangu, mmoja mmoja, kutoka kwenye mwamba mkavu.

Kuku walikuwa wanaparura karibu na jiko. Kashinje aliokota kofia na viatu, nikaona mama yake anafumba macho. Akavipeleka kwa mikono miwili mpaka kwa mwenye duara, akaviweka miguuni pake.

"Kijana kaogopa," mwenye duara akasema.

"Kaogopa," akajibu Mama Kashinje. "Na mimi namshukuru Mungu kwa huo woga."

Mwenye duara alipoondoka nilimfuata Mwalimu mpaka kwenye baiskeli. Nilikuwa na swali moja, na niliona aibu kulitoa mbele ya mjane.

"Mwalimu, katika wote wale. Hata mmoja? Hata kidogo?"

"Hakuna aliyeota kitu, Profesa," akasema. "Vumbi likiingia linabaki humo humo. Mtu anakohoa, halafu anakufa."